Herufi Moja ya Marehemu

Siku binti yetu mkubwa alipoondoka kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, alituachia vitu vitatu: tranka lake la shule lenye kufuli, ndoo ya bluu, na agizo. "Baba, matokeo yakitoka msifanye kitu mpaka nipige simu." Ndoo tuliitunza vizuri sana.

Alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei. Hapo hakuna kupumzika. Jina likishatoka kwenye orodha ya vijana wa mujibu wa sheria, miezi mitatu inayofuata ni ya kambi. Yeye alipangiwa Bulombora, Kigoma, na sisi tunaishi Tanga, Ngamiani. Bahari huku, ziwa kule, nchi nzima katikati. Mama yake alizunguka sokoni kutafuta bukta ya bluu iliyokolea yenye kufika magotini, raba za michezo na shuka mbili za bluu bahari, kama tangazo lilivyotaka. Mimi nilihangaikia nauli. Bibi yake, yaani mama yangu mzazi, alimpa dua na chupa ya pilipili ya kusaga.

Hakuna aliyekumbuka kumuuliza anataka kusomea nini chuoni. Mimi sikuuliza kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Mtoto kasoma PCB: Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kwa akili yangu, miaka miwili ya PCB ina mlango mmoja tu wa kutokea, nao umeandikwa udaktari.

Matokeo yalitoka katikati ya Julai, asubuhi, nikiwa kazini. Mimi ni karani wa ghala, hesabu ndiyo mkate wangu, nikajumlisha haraka na kupiga simu nyumbani: "Divisheni tu, pointi kumi!" Nikasikia vigelegele vya mke wangu. Nyuma yake nikamsikia Babu mdogo akiwatangazia wapita njia. Huyu ni mdogo wake marehemu baba, mwalimu mstaafu, ambaye tangu astaafu amehamia kibarazani kwetu bila kuhamisha godoro. Analala kwake, lakini anaishi kwetu.

Jioni nilirudi nyumbani na mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, niliokuwa nimeupakua kwenye simu. Nikahesabu upya kwa mtindo wao. Nikapata nane.

Ilinibidi niitishe kikao barazani. Baraza la Mitihani, nikaeleza, linapopanga divisheni, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, na mwenye pointi chache ndiye mwenye furaha. Tatu mpaka tisa ni divisheni wani, kumi mpaka kumi na mbili ni tu. Vyuo vikuu vinashika ngazi ileile lakini vinaipandia upande wa pili: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na mwenye pointi nyingi ndiye bora. Mtoto wetu ana C ya Baiolojia, C ya Kemia na D ya Fizikia. Kwa Baraza, tatu na tatu na nne, kumi. Kwa vyuo, tatu na tatu na mbili, nane.

Babu mdogo aliweka kikombe cha kahawa chini.

"Asubuhi kumi, jioni nane," akasema. "Mbili kachukua nani?"

"Hakuna aliyechukua, Baba mdogo. Ni hesabu mbili tofauti."

"Kwa hiyo akipungua ndiyo kaongezeka?"

"Kule ndiyo. Huku siyo."

Mama yangu, aliyekuwa akikuna nazi mlangoni, hakuinua hata kichwa. "Mwanangu, na huko ghalani ndivyo unavyowahesabia watu magunia yao?"

Nane si haba. Sifa ya jumla ya kuingia chuo kikuu ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi nne, na yeye alikuwa nazo mara mbili yake. Ila kulikuwa na dirisha la maombi, na dirisha hilo lilikuwa na tarehe ya kufungwa. Wiki ya kwanza ikapita, simu kutoka Bulombora haikuja. Wazazi wengine mtaani walikuwa wameshawaombea watoto wao. Nikaona agizo la binti lilikuwa la adabu tu, kama mgeni anaposema ameshiba.

Nikajiteua mwenyekiti wa kamati ya udahili. Na kosa la kwanza la mwenyekiti lilikuwa kuamini kumbukumbu yake. Mpwa wangu alipoomba chuo mwaka 2014 nilikuwa naye bega kwa bega. Enzi hizo ulikuwa mfumo mmoja wa TCU, unapanga vyuo vyako humo humo, wao wanagawa. Kwa hiyo nilikaa siku mbili kwenye tovuti ya TCU nikitafuta pa kuombea, nikibonyeza hiki na kile, nikilaani intaneti. Siku ya tatu kijana wa steshenari ya hapa kona alinitazama kwa huruma. "Mzee, hiyo iliisha 2017. Siku hizi unaomba chuo chenyewe, kila chuo na mfumo wake, na ada yake ya maombi."

Babu mdogo alinifariji kwa kunionyesha kwamba kuna waliopitwa na wakati kuliko mimi. Yeye alimaliza kidato cha sita zama za Azimio la Musoma. Azimio hilo la mwaka 1974 lilitaka kijana afanye kazi kwanza, ndipo aende chuo kikuu, tena kwa mapendekezo ya kazini kwake na ya chama. "Nenda kwa balozi wa nyumba kumi," alinisihi kila jioni. "Bila barua ya balozi mtoto hachukuliwi." Mwishowe akaenda mwenyewe, akarudi na barua iliyoandikwa kwa mkono kwamba kijana huyu ana tabia njema na hajawahi kuonekana akizurura usiku. Ninayo mpaka leo. Hakuna mfumo hata mmoja uliokuwa na mahali pa kuiweka.

Steshenari yenyewe ni chumba cha futi nane kwa nane: kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, na feni inayogeuza kichwa kama mtu anayekataa. Mwenye nayo ni kijana wa miaka ishirini na kitu, na katika miezi ya Julai na Agosti yeye ndiye msajili mkuu wa vyuo vyote kwa mtaa mzima. Anajua namba za mtihani za watoto wa watu, anajua nani kapata nini, na hasemi. Nilimtajia vyuo vitatu. Kila chuo, chaguo la kwanza: udaktari.

"Na haya mengine, mzee? Kuna nafasi zaidi."

"Acha wazi."

"Mzee, usiache wazi. Udaktari unaombwa na nchi nzima."

Kwenye chuo kimoja nikamruhusu aweke ualimu wa sayansi mwishoni kabisa, kama zawadi kwa Babu mdogo. Kisha mfumo ukataka namba ya simu. Mimi hubadili laini kila mtandao mmoja unapopandisha bei ya vifurushi, na mke wangu simu yake ilikuwa kwa fundi. "Weka namba ambayo haitabadilika," kijana akasema, "maana ujumbe wote utakuja huko." Nyumbani kwetu namba ambayo haijabadilika tangu inunuliwe ni moja tu, nayo iko kwenye kitochi cha mama yangu, kilichofungwa mpira wa manati ili betri isidondoke. Nikaitaja kwa kujiamini.

Baada ya hapo tukahamia kwenye mkopo.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ina dirisha lake pia, na maombi yake huulizia mengi kuliko posa. Ada ya maombi ni shilingi 30,000, hilo nililitarajia. Yaliyobaki yalinikuta mikono mitupu: cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilichohakikiwa na wakala wa usajili, RITA, mdhamini na picha yake na kitambulisho chake, saini na muhuri wa serikali ya mtaa, saini na muhuri wa kamishna wa viapo. Namba ya mtihani wa kidato cha nne ndiyo utambulisho wa mwombaji. Jina linatoka huko, na vyeti vingine vyote lazima viitikie jina hilo.

Vyetu havikuitikia. Kijana wa steshenari ndiye aliyeona. Aliviweka vyeti viwili sambamba juu ya kioo cha fotokopi, akaweka kidole.

Cheti cha kuzaliwa: Salumu. Cheti cha kidato cha nne: Salum.

"Mzee, hapa kuna u imepotea."

Nikacheka. Jina ni lilelile, la marehemu baba yangu, ambalo watoto wangu wote hulitumia kama jina la mwisho. Mtu gani mwenye akili atasema Salum na Salumu ni watu wawili? Kijana hakucheka. "Mimi najua ni mmoja, mzee. Kompyuta haijawahi kuonana naye." Akashauri twende kwa wakili, niape hati ya kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.

Nyaraka za marehemu zinakaa kwenye kasha la mama yangu, chini ya khanga za sikukuu, na kasha hilo halifunguliwi bila yeye kuwepo. Nilipomweleza ninachotaka, hakunipa nyaraka. Alivaa baibui.

Kwa wakili alikaa kwenye kiti cha wageni, mkoba mapajani. Wakili, mtu mpole, alitusomea rasimu: kwamba mimi, mwana halali wa marehemu, naapa na kuthibitisha ya kuwa majina Salum na Salumu ni ya mtu mmoja na yuleyule.

"Siyo," mama akasema.

Wakili akavua miwani. "Unasemaje, Bibi?"

"Mimi niliolewa na Salumu. Nimekaa naye miaka thelathini na minne, nimemzalia watoto sita, nimemzika. Huyo Salum mimi simjui." Akafungua mkoba, akatoa kadi ya TANU ya marehemu, imefifia, pembe zimeliwa na mende. Akaitandaza juu ya meza kama mtu anayemaliza mchezo wa karata. Salumu. Herufi ya mwisho ilikuwa imeandikwa kwa wino mzito kuliko zote. "Alikuwa mvuvi, hakusoma. Herufi alijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na hiyo u ndiyo iliyomsumbua, alikuwa akiipindua. Sasa niambieni, nani kaitoa?"

Wakili alinitazama. Feni ikazunguka. Ningeweza kusema ni mwalimu wa shule ya msingi aliyekosea alipoandikisha watoto wa darasa la saba. Wazazi wengi husema hivyo, na mara nyingi ni kweli. Lakini fomu ile niliijaza mimi, kwa mkono wangu, meza ya chakula, na nakumbuka kalamu.

"Mimi, mama."

Ilianza zamani, nilipokwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Kule nilikuta watu wa ofisini wanaandika Salum, fupi, limekatwa vizuri kama nywele za kinyozi wa mjini. Salumu likawa jina la mtu anayenuka ngalawa. Nikaikata u kwenye barua ya kwanza ya kuomba kazi, kisha kwenye kitambulisho, na mtoto alipoandikishwa mtihani nikamrithisha jina lililokatwa. Cheti chake cha kuzaliwa ndicho pekee kilichosalimika, kwa sababu siku ile aliyekwenda kukifuatilia ni mama.

Hakunigombeza. Alirudisha kadi kwenye mkoba, akafunga zipu, akamwambia wakili: "Mwandikie anachotaka. Ila uandike pia kwamba aliyeipoteza ni yeye." Wakili aliandika sehemu ya kwanza. Nililipa, nikagongewa muhuri, na njia nzima ya kurudi mama yangu aliongea na kondakta wa daladala tu.

Jumapili hiyo simu ikaita, namba ngeni. Alikuwa binti, kwa simu ya kuazima, nyuma yake watu wanaimba mchakamchaka.

"Shikamoo Baba. Matokeo nimeyaona. Mmesubiri?"

"Marahaba. Tumekuombea tayari! Udaktari, vyuo vitatu, na mkopo karibu unakamilika."

Kule Kigoma wakaimba ubeti mzima.

"Niliwaambia msubiri," akasema. "Nilishaandika kila kitu. Kiko kwenye tranka."

"Na ufunguo wa tranka?"

Kimya kingine. "Ninao huku." Kisha, kwa sauti ya mtu aliyekwisha fundishwa kupokea amri, "Naomba nimsalimie Mama."

Mama yake alipokea simu, akaenda nayo uani. Nilisikia "ndiyo" tatu na "nimeelewa" moja. Kesho yake mke wangu alisema anakwenda kuchukua mzigo wa vitenge. Sikuona kitenge, na sikuuliza, kwa kuwa nilikuwa nafuatilia uhakiki wa RITA, ambao siku hizi unapandisha cheti mtandaoni, unalipia kwa namba ya malipo, kisha unakaa unaburudisha ukurasa kama mtu anayefunua chungu kuangalia kama wali umeiva.

Majina ya dirisha la kwanza yalipotoka nilikwenda steshenari na kamati yote. Chuo cha kwanza, hapana. Cha pili, hapana. Udaktari ulikuwa umejaa watoto wenye A na B. Sifa za chini, nilijifunza siku ile, zinakuruhusu kupiga hodi. Kufunguliwa ni habari nyingine. Chuo cha tatu: ualimu wa sayansi. Babu mdogo akanyanyua mikono juu kama mtu aliyefunga goli.

"Na hiki cha nne," kijana akasema.

"Cha nne kipi? Niliomba vitatu."

Kijana akaangalia feni. Mke wangu akarekebisha mtandio.

"Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro," kijana akasoma. "Shahada ya ufugaji wa samaki na viumbe maji. Amechaguliwa."

"Nani kaomba samaki?"

"Mimi," mke wangu akasema.

"Kwa hela gani?"

"Ya kikoba."

Barabarani, mbele ya wauza mihogo, nikapata habari za mtoto wangu mwenyewe. Kwamba tangu kidato cha pili amekuwa akisoma habari za silikanti. Huyo ni samaki ambaye wanasayansi waliamini alitoweka pamoja na dinosaria, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimpata nyavuni tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu 2009 ana hifadhi yake ya bahari papa hapa Tanga. Kwamba likizo zote alizosema anakwenda kwa rafiki yake Sahare kujisomea, alikuwa anakwenda sokoni kuhesabu samaki waliotua. Bibi yake alijua. Babu mdogo alijua. Hata kitinda mimba wetu wa darasa la nne alijua, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akibebeshwa daftari.

"Morogoro?" mama yangu akauliza. "Samaki wanasomewa mlimani?"

"Kuna mabwawa, mama," mke wangu akasema.

"Haya. Marehemu angecheka."

Mtoto akichaguliwa chuo zaidi ya kimoja, utaratibu ni kwamba anathibitisha kimoja. Anatumiwa namba maalumu ya siri kwa ujumbe wa simu, anaiingiza kwenye akaunti ya chuo anachokitaka, basi. Tuna siku kadhaa, nikajiambia. Binti alikuwa anamaliza mafunzo, angefika athibitishe mwenyewe, na katika siku hizo mimi ningetafuta maneno mazuri ya kumweleza kwamba ualimu una mkopo na una pensheni. Siku zikaenda. Basi lao likaondoka Kigoma. Simu yake ikazimika njiani. Siku ya mwisho ya kuthibitisha ikatukuta saa mbili usiku, yeye bado yuko barabarani.

"Mama," nikasema, "naomba simu yako nione ile namba."

"Namba gani?"

"Uliyotumiwa. Ujumbe wenye tarakimu."

Mama yangu alinitazama kwa fahari ya mwanafunzi anayejua jibu. "Ule wa matapeli? Nimeufuta."

Lazima nikiri kwamba tulimfundisha wenyewe. Mwaka mmoja kabla, alipokea ujumbe ule unaojulikana nchi nzima, "ile hela itume kwenye namba hii", akakaribia kutuma fedha za mboga. Tangu hapo nilimwekea sheria: ujumbe wowote usioujua, una namba, una haraka, futa. Akawa anafuta kwa bidii ya mtu anayepalilia shamba. Alikuwa amefuta namba ya siri mara mbili, kwa sababu ilitumwa kutoka vyuo viwili.

"Wajinga wale," akaongeza. "Eti 'umechaguliwa'. Nani anichague mimi, umri huu?"

Tukakimbia steshenari, kijana alikuwa anafunga. Akasema hakuna neno, mtu akikosa ujumbe anaingia kwenye akaunti yake ya chuo na kuomba atumiwe tena. Akafungua daftari lake la paswedi. "Ya ualimu ninayo hapa, mzee, tuliitengeneza pamoja. Dakika moja tu." Kisha akasita. "Ya samaki Mama aliiweka mwenyewe, sikuiandika."

Kila mtu akanigeukia. Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa cheo nilichojipa. Saa tatu kasorobo usiku, akaunti moja iko wazi mezani, nyingine imefungwa, na mwenye chuo yuko ndani ya basi giza linamkuta mahali asipojua. Babu mdogo alikuwa ameshika tama, macho yanang'aa. Ingetosha niseme "muda umekwisha". Hakuna ambaye angenilaumu. Hata mimi ningejisadiki baada ya mwezi.

Nilimkumbuka yule mtu wa Dar aliyekata jina la babake kwa kalamu, bila kumuuliza mwenye jina.

"Fungua ya samaki," nikasema.

"Paswedi?"

"Jina la baba mkwe na mwaka huu," mke wangu akasema.

Nikavuta kibodi mwenyewe. S-a-l-u-m, na tarakimu nne. Mfumo ukakataa. Nikaandika tena kwa herufi ndogo. Ukakataa. Maandishi mekundu yakatuonya kwamba tukikosea tena akaunti itafungwa. Mikono ikaanza kutoka jasho. Mke wangu akaapa kwamba ni hiyohiyo. Kijana akapendekeza tuanze upya kwa barua pepe, na hapo tukagundua kwamba barua pepe hiyo nayo ina paswedi.

Nyuma yetu, kwenye benchi la wateja, mama yangu alikohoa.

"Umeandika jina la mume wangu," akasema, "au la yule rafiki yako wa Dar?"

Hakuna aliyecheka. Niliweka u. Ukurasa ukafunguka, wa kijani na mweupe, na jina la mtoto wetu juu yake. Tukaomba namba upya. Kitochi kikalia mkononi mwa mama, kidole chake tayari kiko juu ya kitufe cha kufuta, na watu wanne tukapiga kelele kwa pamoja: "Usifute!"

Binti alifika kesho yake mchana, mweusi kwa jua, kakonda, mgongo umenyooka kama mlingoti. Alisikiliza kisa chote akiwa amesimama, kwa mazoea ya kambini. Kisha akafungua tranka. Juu ya nguo kulikuwa na karatasi moja ya daftari: vyuo, kozi, tarehe za kufungwa kwa madirisha, namba yake ya mtihani, na kwa kalamu nyekundu, "Simu: wekeni ya Mama, SI YA BIBI."

Wiki ya safari ya Morogoro tulikwenda stendi wote. Tranka lilikuwa na jina lake lililopakwa rangi nyeupe tangu kidato cha tano, na niligundua kwamba mwisho wake kulikuwa na herufi ngeni, imepinda kidogo, ya rangi ya kucha. Sikuuliza nani. Mama yangu alikuwa amekunja vidole vyake ndani ya baibui.

Usiku ule tulikaa barazani tukisubiri habari. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Mke wangu akapiga namba ya binti, haipatikani. Babu mdogo, safari hii, akagoma kwenda kwake kulala. Saa tano na nusu simu ya mama yangu ikaita, namba ngeni.

"Bibi, shikamoo! Nimefika tangu saa kumi na mbili. Nimenunua laini mpya huku, nimekutumia ujumbe kwamba hii ndiyo namba yangu ya sasa. Hujaupata?"

"Marahaba mjukuu wangu," mama yangu akasema. "Nimeupata. Ulikuwa na namba nyingi, nimeufuta."